Daftari la Mei 2017

Jumapili ya tarehe 21 Mei 2017 nilikuwa Kagerankanda, kwenye shamba la maharage la baba mdogo. Mechi niliisikiliza kwenye redio ya betri iliyofungwa mpira wa baiskeli ili kifuniko chake kisidondoke. Tulikuwa watatu: mimi, baba mdogo, na rafiki yangu mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Winga, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Serengeti Boys walikuwa Port-Gentil, Gabon, wakicheza na Niger. Sare tu ingetosha. Kwa sare tungeingia nusu fainali ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17, na kila aliyeingia nusu fainali alikuwa ameshapata tiketi ya Kombe la Dunia nchini India mwezi Oktoba. Hadi siku ile hakuna timu ya taifa letu, ya wakubwa wala ya watoto, iliyokuwa imecheza fainali za Kombe la Dunia.

Tukafungwa 1-0.

Niger nao wakafikisha pointi 4 kama sisi, lakini wao walikuwa wametufunga, basi wakapita. Baba mdogo akazima redio kuokoa betri. "Hao wamekwisha," alisema. "Mwaka mmoja tu, hutasikia jina hata moja." Winga hakusema kitu. Mimi nilikubaliana na baba mdogo, na nilikubali kwa uchungu, kwa sababu wale vijana walikuwa rika langu. Kanuni ilitaka mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2000 au baadaye. Mimi ni wa mwaka 2000. Nilikuwa kidato cha nne, na sijui kwa nini nilihisi kwamba wakishindwa wao, tumeshindwa sote tuliozaliwa mwaka ule.

Miaka imepita. Ubishi huu umenirudia mara nyingi kwenye vibanda umiza vya Kasulu, na kila mara unamalizwa na mwenye sauti kubwa. Ndipo nikanunua kauntabuku, nikaandika majina ya vijana 21 waliokwenda Gabon, jina moja kila mstari, nikaanza kujaza mbele ya kila jina: alikwenda wapi, alifanya nini.

Wazo hilo si langu. Wamarekani wana kitu wanakiita drafti, wala si ule mchezo wetu wa kete na vizibo vya soda. Kwenye besiboli, tangu mwaka 1965, timu hukaa kila mwaka na kuchagua vijana kwa zamu, wa kwanza, wa pili, hadi mamia kadhaa, na kila jina linaandikwa na namba yake. Halafu, miaka kumi baadaye, mashabiki wanafungua orodha ileile na kuuliza nani alichagua vizuri. Majibu huwa ya kuchekesha. Mwaka 1991 New York Yankees walikuwa na nafasi ya kwanza kabisa, wakamchukua mrusha mpira aitwaye Brien Taylor kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Akaumia bega, na hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Miaka mitatu kabla yake, Mike Piazza alichaguliwa katika duru ya 62, akiwa mtu wa 1,390, alipokwisha kupita karibu kila mtu. Mwaka 2016 Piazza aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo.

Kinachonivutia mimi ni karatasi zaidi ya hadithi zenyewe. Mtu wa 1,390 ameandikwa. Angeishia kuuza matairi bado angekuwa ameandikwa. Huku kwetu timu ya vijana ikishatolewa, orodha inabaki kwenye vichwa vya watu, na vichwa vya watu huhifadhi wafungaji tu.

Kabla sijafika kwenye mistari yangu, lazima nieleze jinsi timu ile ilivyofika Gabon, maana haikufika kwa mlango wa mbele. Chini ya kocha Bakari Shime vijana waliwatoa Shelisheli na Afrika Kusini, kisha wakakutana na Kongo Brazzaville. Dar es Salaam tulishinda 3-2. Brazzaville tukafungwa 1-0. Jumla 3-3, na Kongo wakapita kwa mabao ya ugenini. Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. CAF wakataka kijana huyo apelekwe kwenye kipimo cha MRI, kile kinachosoma mifupa ya kifundo cha mkono, ambacho FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la 2009. Kongo hawakumpeleka. Februari 2017 wakaondolewa, na nafasi ikawa yetu.

Wengi walishangilia kama vile tumeshinda uwanjani. Wenye kumbukumbu walishangilia kwa sauti ya chini kidogo. Kizazi cha Serengeti Boys cha nyuma yao kilikuwa kimefuzu fainali za 2005 kule Gambia, na sisi ndio tuliofutwa, kwa kosa hilohilo la umri. Zimbabwe wakaenda badala yetu. Kwa hiyo vijana wa 2017 waliingia Gabon kwa mlango uleule ambao wenzao walitolewa nao.

Na walipofika hawakutia aibu. Tarehe 15 Mei walitoka 0-0 na Mali, bingwa mtetezi, ambaye baadaye alitwaa tena kombe lile kwa kumfunga Ghana 1-0. Tarehe 18 waliwafunga Angola 2-1, kwa mabao ya Kelvin Naftal na Abdul Suleiman. Ili uone uzito wa ile sare: Mali hao hao waliwafunga Angola 6-1. Halafu ikaja Jumapili ya Niger.

Mechi tatu, mabao mawili ya kufungwa. Namba hiyo niliiandika juu ya ukurasa wa kwanza wa kauntabuku, bila kujua kwamba ndiyo ingekuwa jibu.

Nilianza na washambuliaji, kama kila mtu. Yohana Mkomola alipita Yanga, kisha akaenda Ukraini. Abdul Suleiman alipotea machoni pa wengi kwa muda, halafu tarehe 2 Julai 2022, kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, akacheza fainali ya Kombe la Shirikisho akiwa na Coastal Union dhidi ya Yanga. Mechi iliisha 3-3. Mabao yote matatu ya Coastal aliyafunga yeye. Yanga wakachukua kombe kwa penalti, lakini asubuhi yake nchi nzima ilikuwa inazungumza habari zake, na Azam wakamsajili. Ila sasa hakuitwa Abdul Suleiman. Aliitwa Sopu. Nilikaa kwenye kibanda na watu waliokuwa wakimsifu Sopu huku wakisema vijana wa 2017 walikufa wote. Nilipowaambia kwamba Sopu ndiye aliyefunga bao la pili dhidi ya Angola, mmoja aliniambia nitoe ushahidi. Kutokuwa na daftari kunaanzia hapo: mtu akibadili jina la mgongoni, historia yake inaanza upya.

Viungo wanasimulia safari. Ally Ng'anzi alikwenda MFK Vyškov ya Jamhuri ya Cheki, na mwaka 2019 akapelekwa kwa mkopo Minnesota United ya Marekani, halafu Forward Madison. Unaweza kusema hakudumu kule. Unaweza pia kusema kijana wa Kitanzania alisajiliwa na timu ya ligi kuu ya Marekani, na ukajiuliza ni wangapi wengine umewahi kuwasikia. Ally Msengi alikwenda Afrika Kusini, Stellenbosch.

Kipa Ramadhani Kabwili ndiye aliyenifundisha kutopima kwa haraka. Alisajiliwa Yanga mara baada ya Gabon, na kwa misimu kadhaa akakaa nyuma ya makipa wa kigeni: Rostand, Kindoki, Shikhalo, kisha Djigui Diarra. Kwenye ubishi wa kibandani huyu ndiye mfano wa "walikwisha". Lakini kipa hucheza mmoja tu. Winga akikosa namba upande wa kushoto atajaribiwa kulia, au ataingizwa dakika ya 70. Kipa wa pili hana dakika ya 70. Kijana aliyefunga lango lake dhidi ya Mali alipelekwa mahali ambapo kazi yake ilikuwa kumtazama mtu mzima akicheza. Nani alishindwa hapo, aliyechaguliwa au aliyechagua? Wamarekani wanaobishana kuhusu drafti zao hulifahamu swali hili vizuri: nusu ya kuchagua ni kulea baada ya kuchagua.

Sasa mabeki. Dickson Job, Kibwana Shomari na Nickson Kibabage walikwenda Mtibwa Sugar, kule kwenye mashamba ya miwa ya Turiani, mbali na kamera. Pale walicheza. Hilo ndilo neno la maana katika ukurasa mzima. Israel Mwenda alipitia Alliance ya Mwanza na KMC kabla Simba hawajamchukua mwaka 2021. Kibabage alikwenda Difaâ El Jadida ya Morocco akarudi. Kibwana alihamia Yanga mwaka 2020, Job akafuata Januari 2021.

Tarehe 25 Julai mwaka huohuo Yanga na Simba walikuja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho mkoani kwetu, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika. Mkoa uliomtoa Juma Kaseja ulikuwa unaona fainali ya watani kwa mara ya kwanza, na barabara ya kutoka Kasulu ilijaa tangu alfajiri. Mimi na Winga tulisimama ndani ya basi kuanzia Kasulu hadi Kigoma mjini. Simba walishinda 1-0 kwa kichwa cha Taddeo Lwanga, kutoka kwenye kona. Njiani kurudi mashabiki wa Yanga walikuwa wakigawana lawama, na mzee mmoja aliyeketi mbele yetu akasema hawa watoto wa Mtibwa hawatafika popote. Nilikumbuka ile redio. Nilikuwa tayari nimesikia hukumu hiyo mara moja.

Baada ya fainali ile, Yanga walichukua ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo, kuanzia 2021/22, na Job alikuwa beki wa kati katika yote minne. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 28 Mei walifungwa nyumbani 2-1 na USM Alger. Ilikuwa imetimia miaka sita kamili tangu ile fainali ya Mali na Ghana ambayo Job na wenzake waliikosa kwa bao moja. Wiki iliyofuata wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likaenda kwa mabao ya ugenini, yaleyale ya Brazzaville. Kama kuna watu nchini wenye haki ya kuichukia kanuni hiyo, ni hawa. Mwanzoni mwa 2024 Job alikuwa Ivory Coast na Taifa Stars kwenye AFCON.

Kisha ukaja msimu wa 2024/25. Mwenda akapelekwa Yanga kwa mkopo, na kwenye kikosi kimoja cha bingwa wa nchi wakawa Job, Kibwana, Kibabage na Mwenda. Mabeki wanne wa orodha yangu, miaka minane baadaye, wakibadilishana jezi kwenye chumba kimoja. Nilirudi ukurasa wa kwanza, kwenye ile namba. Mechi tatu, mabao mawili. Ilikuwa imeandikwa tangu Gabon kwamba ubora wa timu ile ulikuwa nyuma, na sisi tulikuwa tunawasubiri wafungaji.

Je, ni darasa zuri? Nililinganisha na wengine wa mwaka ule, maana peke yake namba haisemi. Kule India bingwa alikuwa Uingereza, waliowafunga Spain 5-2 kwenye fainali. Phil Foden alikuwa mchezaji bora, na ulimwengu unajua alikofika. Mfungaji bora, Rhian Brewster, hakufika huko. Mali walishika nafasi ya nne. Lassana N'Diaye alifunga mabao 6 kwenye mashindano yale na CSKA Moscow wakamchukua, lakini aliyepanda juu zaidi ni kiungo mkabaji, Mohamed Camara, aliyecheza Salzburg na Monaco. Hata bingwa wa Afrika, basi, alibakiwa na wachache, na si wale waliopigiwa makofi.

Mfano wa nyumbani unauma zaidi. Aprili 2019 fainali za U-17 zililetwa Dar es Salaam. Serengeti Boys wa mwaka ule walifungwa mechi zote tatu: 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mabao 12 wavuni. Kwa kipimo cha baba mdogo ni darasa la kufuta ubaoni. Lakini humo alikuwemo Kelvin John, aliyekwenda Genk ya Ubelgiji na baadaye Aalborg ya Denmark. Darasa lililofanya vibaya lilitoa mtu mmoja aliyefika mbali, na lile lililofanya vizuri likatoa safu ya nyuma ya bingwa wa ndani. Nikilazimishwa kuchagua nitachagua la 2017. Mchezaji mmoja kule Ulaya hutupa fahari ya Jumamosi. Mabeki wanne hapa nyumbani wamefanya washambuliaji wetu wote wafanye kazi ngumu zaidi kila wiki kwa miaka, na hilo halionekani kwenye orodha ya uhamisho. Najua wapo watakaopinga. Na waje na daftari lao.

Mstari mmoja haumo katika ile 21 lakini niliuongeza pembeni, wa kocha. Oktoba 2022 Tanzania ilicheza Kombe la Dunia la U-17 nchini India. Ndiyo, India ileile. Walikuwa Serengeti Girls. Waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakafika robo fainali, ndipo Colombia wakawatoa. Aliyesimama kwenye benchi alikuwa Bakari Shime. Tiketi ambayo wavulana wake waliikosa Port-Gentil aliitumia miaka mitano baadaye na wasichana, na niliona watu wachache mno wakiyaunganisha mambo haya mawili. Kwenye kibanda umiza changu hakuna aliyefungua mechi ya Ufaransa. Niliisikiliza kwenye simu.

Nilipomaliza kujaza nilichoweza, nilimpelekea Winga ile kauntabuku. Sasa ni bodaboda Kasulu, na jioni huegesha karibu na stendi. Inabidi niseme kwa nini kwake. Mwaka 2015 alikuwa winga bora niliyewahi kumwona kwa macho, na si mimi tu niliyeona, kwa sababu baada ya michezo ya shule aliitwa kwenye mchujo. Aliambiwa aje na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho. Mama yake alijua alizaliwa mwaka gani na msimu gani, mahindi yalikuwa yamefika wapi shambani na nani alimbeba kwa baiskeli hadi zahanati, lakini kadi ya kliniki ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Aliyekuwa mezani akamwambia kijana mrefu hivi bila cheti ni matatizo. Baada ya yale ya Gambia unaweza hata kumwelewa. Winga alirudi Kagerankanda siku ileile, na wakati wa mavuno alikuwa nasi shambani, kimya, akisikiliza mechi ya vijana wa umri wake.

Huku kwetu hayuko peke yake. Nenda Nyarugusu, kambini, uone watoto wa Kikongo na Kirundi wakicheza kwenye vumbi jekundu. Wengine wamezaliwa humohumo, cheti cha kambi wanacho, lakini hakuna timu ya taifa inayokuja kuwatazama. Mchujo wowote una watu wa 1,390 wake. Ila wa kwetu hawakupewa namba.

Winga alisoma kurasa zote akiwa ameketi juu ya pikipiki yake, taratibu, akicheka alipofika kwa Sopu. Alinisahihisha mahali pamoja kuhusu Msengi. Alipofika mwisho akaona kwamba mistari ya ukurasa ilikuwa 25 na mimi nilikuwa nimetumia 22, pamoja na ule wa kocha.

"Hii ya chini ya nini, kaka?"

Nikamwambia ni ya kwake kama anataka.

Aliangalia barabara kwanza, maana abiria alikuwa anakuja na gunia la maharage na alikuwa anamwita. Akanirudishia kauntabuku, akawasha pikipiki.

"Andika kushoto," alisema. "Watu husahau, wananiweka kulia."